Ndege Aliyempitia Salim

Nilipokuwa mtoto wa kuuliza kila kitu, Mama alijifungua kabla ya wakati. Tukikaa Ghulail, Jeddah, pamoja na Baba na mama yake, Bibi, aliyehama Unguja akiwa kijana. Mdogo wangu Salim alizaliwa na paja lisilozidi kidole gumba cha Baba. Hata hajazoea kupumua, madaktari wakasema vijidudu vimeingia kwenye damu yake.

Bibi alikuwa na maelezo yake.

"Babewatoto kampitia."

Huyo ni ndege wa usiku ambaye watu wa kwetu humwogopa kwa ajili ya vichanga: akiwapitia, huugua. Mtoto akipona, alisema Bibi, ujue ndege kaondoka na kitu chake.

"Kitu gani, Bibi?"

"Tungoje tutaona."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Salim alichomwa sindano nyingi, akapona, akaletwa nyumbani. Kila siku nilimkagua: vidole, macho, masikio, vyote vipo. Alichelewa kukaa, lakini alikaa. Sasa ndege kachukua nini?

Asubuhi moja Salim alikuwa mkekani, kalipa jiko mgongo. Mfuniko wa sufuria ukamponyoka Bibi, ukalia sakafuni hata mimi nikaruka. Salim hakugeuka. Nikauokota, nikaupiga kwa kijiko nyuma ya kichwa chake. Yeye anachezea pindo la kanga tu.

"Mama! Nimejua alichochukua!"

Mama alidhani nafanya utundu. Akaupiga mwenyewe, mara ya pili kwa nguvu zaidi, kisha akaketi chini.

Baba alitupeleka Riyadh kwa bingwa wa masikio ya watoto. Watoto wadogo kiasi kile, alitueleza bingwa huyo, damu yao ikiugua mapema, wengine hupona wasibaki na lolote. Wengine hubaki na upungufu wa kusikia au kuona, au huchelewa kutembea.

"Mmewahi," alisema, akamvalisha Salim vifaa vya masikioni. Mama akamwita. Salim akageuka, akaangua kilio kwa kushtuka, na Mama akalia naye.

Tuliporudi Jeddah nilimuuliza Bibi alijuaje.

"Kabla ya baba yako nilizaa mwingine, mdogo vilevile. Akaugua, akapona. Hakusema neno mpaka akafa, akiwa mtu mzima. Tukimwita bubu."

"Hamkumjaribu kwa mfuniko?"

"Nani angewaza, mjukuu wangu? Tuliambiwa ni ndege."

Leo Salim ana maneno kutushinda sote. Mimi simwamini ndege, wala simcheki Bibi. Nadhani wanawake wa kwao waliona watoto wengi wakipona nusu, wakakosa jina la kuliita jambo hilo. Ninayemuwaza zaidi ni yule ami yangu nisiyepata kumwona: miaka yote ile, akitazama midomo ya watu inavyokwenda, alidhani wanafanya nini?