Mstari wa 207 haukuwa na sababu

Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamume mwenye sauti ya mafua anasoma barua ya mfano ya kuomba nguzo ya umeme ndani ya duka dogo la steshenari mjini Handeni. Anasoma bila kupumua, na nukta anazipita kama bodaboda anayekataa kupunguza mwendo kwenye tuta.

Ndani ya duka hilo hakuna mwanamume. Yupo Mwanaisha Mhina, 51, ameinamia laptop nyeusi, vidole vyake vikiwa tayari juu ya vitufe. Anabonyeza viwili. Sauti inapunguza mwendo, inakuwa ya mtu mwenye mafua lakini mwenye adabu.

"Bado ana haraka," anasema Mwanaisha. "Jana nilimweka maneno mia na sitini kwa dakika. Leo namshusha hadi mia na arobaini, nimsikie vizuri."

Anayeshushwa ni hiyo laptop. Ilinunuliwa mwaka 2012 ikiwa imeshatumika, na kwa umri wake, ingekuwa mtoto wa mtu, sasa ingekuwa kidato cha pili ikiogopa maji ya baridi ya bwenini. Bawaba moja imefungwa kwa waya. Betri ilishafariki na kuzikwa bila hotuba.

Zuena, fundi cherehani wa baraza hiyo hiyo, anachungulia mlangoni. "Shemeji ameamkaje?"

"Ameamka. Ila leo anaburuta maneno."

"Mwache apumzike. Tangu umpate hajapata hata Ijumaa."

Jina la shemeji lilianza mwezi Februari, siku Faraji, mume wa Mwanaisha, alipofika na gunia la mahindi begani, akasikia sauti ya mwanamume na kusimama nje. Aliuliza ni nani anazungumza na mke wake asubuhi yote ile. Zuena akamjibu bila kuinua macho kwenye cherehani: "Ni mwenzio. Ila yeye huamka mapema."

Mwanaisha anachapa barua, maombi ya kazi, mihtasari ya vikao na kadi za harusi. Ukurasa mmoja ni Sh1,000. Siku nzuri anafikisha kurasa ishirini na tano. Lakini kazi yake ya pili, isiyo na malipo wala cheo, ni kuitunza mashine hiyo moja kwa miaka yote hii bila kuiacha ibaki ilivyo.

Alizaliwa Ngombezi, kwenye makambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, ambako baba yake alikuwa akilisha majani kwenye mashine ya kukamua nyuzi. Alipomaliza shule alipelekwa Korogwe kujifunza upigaji chapa. Mwalimu wao alikuwa na desturi ya kufunika mikono ya wanafunzi kwa kanga, vidole vitafute herufi vyenyewe.

"Ukichungulia, unapigwa rula," anasema. "Nilipigwa mara nne tu. Wenzangu waliacha kuhesabu."

Mwaka aliponunua laptop, steshenari zote za mji zilikuwa na ugonjwa mmoja. Wateja walileta flashi zenye virusi, virusi vikahamia kwenye mashine, na mashine ikavigawa kwa wateja waliofuata kwa usawa mkubwa. Fundi mmoja kutoka Korogwe, Julius, akamshauri aweke Linux. Huu ni mfumo wa kuendeshea kompyuta unaopatikana bure, na humruhusu mwenye mashine kubadilisha karibu kila kitu, pamoja na vile ambavyo ingekuwa heri aviache.

Julius alimwachia agizo moja: asibadilishe chochote bila kuandika sababu.

Mwanaisha alilishika agizo hilo kama wengine wanavyoshika saumu. Mipangilio yake yote imo kwenye faili moja lenye mistari zaidi ya mia nne. Mstari ukianza na alama ya reli (#), kompyuta inauruka, kwa hiyo hapo ndipo anapoandika maneno ya kusomwa na binadamu: tarehe, alichobadilisha, na sababu.

Faili hilo ni historia fupi ya mji. Mwaka 2013 kitufe cha herufi kubwa kilizimwa kabisa. Sababu: "Barua ya kwenda kwa mtendaji ilitoka yote kwa herufi kubwa, akadhani anafokewa." Mwaka 2015 mashine ilikatazwa kujizima yenyewe. Sababu: "Bwana harusi alikuwa bado anafikiri."

Katikati ya vichekesho hivyo kuna mistari minne inayohusu ukubwa wa herufi kwenye skrini.

Mwaka 2016, kutoka kumi na moja hadi kumi na nne. Sababu: "Taa ya dukani hafifu."

Mwaka 2019, hadi ishirini. Sababu: "Skrini imechoka."

Mwaka 2021, hadi ishirini na sita. Sababu: "Vumbi."

Mwaka 2022, hadi thelathini na sita. Sababu: "Macho."

"Hilo neno nililiandika nikalifuta mara mbili," anasema. "Nilitafuta sababu nyingine, nikakosa. Taa nilishabadilisha. Skrini nilishafuta."

Ni kisukari. Daktari wa macho alimweleza kwamba sehemu ya nyuma ya jicho imeharibika, kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba kazi iliyobaki ni kulinda kilichosalia. Faraji aliambiwa miezi mitano baadaye. Wateja hawakuambiwa kabisa.

"Nani alete barua yake kwa mchapaji asiyeona?" anauliza. "Hata mimi nisingeipeleka."

Kwa hiyo akaanza kuficha. Mteja akileta maandishi ya mkono, alimwambia: "Nisomee, ndivyo ninavyoenda haraka." Vidole vilijua njia, kwa hiyo kuchapa hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuhakiki. Mwanzoni mwa mwaka huu, herufi zilipokuwa kubwa kiasi kwamba skrini nzima ilibeba maneno tisa tu, aliamua kuifundisha mashine isome kwa sauti.

Ilimchukua siku kumi na moja. Aliitafuta sauti ya Kiswahili, akapunguza mwendo, akaifundisha isimame kwenye aya. Kila badiliko aliliandikia sababu. Alinunua hedifoni ya Sh7,000 ili barua za watu zimfikie yeye peke yake.

Kisha ikaja siku ya gulio.

Siku hiyo mji hujaa, na Mwanaisha huwasha spika kubwa iliyoning'inizwa nje, juu ya mlango, inayotangaza kwamba hapa tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti. Siku nyingine zote spika hiyo hulala. Mchana alisimamisha tangazo ili amhudumie Mzee Nkoitiko, mfugaji mwenye miaka 63, mjumbe wa kamati ya josho la kijiji chao.

Nkoitiko alisogeza kiti karibu, akasema maneno yake kwa sauti ya chini. Mwanaisha akachapa. Akavaa hedifoni, ikamfunika masikio yote mawili, akaiagiza mashine isome.

Ikasoma. Ilisoma kwenye hedifoni, na ilisoma pia juu ya mlango, mbele ya wauza nyanya, waendesha bodaboda na nusu ya kijiji cha Nkoitiko waliokuja kuuza mbuzi:

"Naomba kujiuzulu ujumbe wa kamati. Sijui kusoma. Kwa miaka sita nimekuwa nikiweka sahihi chini ya maneno nisiyoyajua."

Mwanaisha hakusikia kitu cha nje. Alishtuka tu Zuena alipomvua hedifoni kichwani. Nkoitiko alikuwa ameshasimama. Alichukua fimbo yake, akapita katikati ya watu, na barua akaiacha.

Jioni hiyo Mwanaisha alifungua faili la mipangilio na kulisikiliza mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa mstari wa 207, ulioagiza kila sauti ya mashine iende pia kwenye spika ya nje. Sasa alikumbuka kwamba aliuandika mwenyewe mwaka 2018, kwa haraka, ili tangazo lisikike. Juu yake hapakuwa na tarehe wala maelezo. Katika faili zima, ni huo tu uliokosa sababu.

"Kompyuta haikukosea hata kidogo," anasema. "Ilitii. Mimi ndiye niliyesahau nilichoiagiza."

Adhabu ilikuja bila kuchelewa. Wiki iliyofuata alichapa kurasa sita kwa siku, mara nyingine nne. Watu walipita barazani wakisalimia kwa heshima zote, wakaendelea hadi steshenari ya pili, ambako barua husomwa kimyakimya na virusi hugawiwa bure. Zuena anakumbuka mteja mmoja aliyesimama mlangoni na kuuliza kama shemeji yumo. Alipoambiwa yumo, akasema atarudi.

Baada ya wiki mbili Mwanaisha alipanda bodaboda hadi kwenye boma la Nkoitiko, mwendo wa saa moja na nusu nje ya mji. Resian, mke wa Nkoitiko, alimpokea kwa chai ya maziwa. Mwenye boma alichelewa kutoka, na alipotoka hakukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunisomea na hapa?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Mimi uniombe radhi. Na wale walionisikia, utawaomba wasahau?"

Mwanaisha aliyaacha maneno yote aliyokuwa amepanga njiani. Akamwambia lile ambalo alikuwa hajamwambia mteja yeyote.

"Mzee, uso wako siuoni. Naona shuka jekundu, nasikia sauti. Sisomi tena barua za watu, mashine inanisomea. Sasa na wewe una la kunisema gulioni."

Nkoitiko aliketi. Akauliza ni tangu lini. Akaambiwa. Akanywa chai yote, Resian akamwongezea, akanywa na hiyo. Kisha akauliza jambo ambalo mgeni wake hakulitarajia.

"Hiyo mashine inaweza kunisomea muhtasari wa kikao kabla sijaweka sahihi?"

"Inaweza."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako. Ule mstari nimeufuta."

Ameufuta kweli. Mahali pake pameandikwa: "Mstari wa 207 umeondolewa. Sababu: Mzee Nkoitiko."

Gulio lililofuata, Mwanaisha aliwasha spika ya nje kwa mara ya mwisho. Alitangaza kwa mdomo wake mwenyewe kwamba macho yake yamepungua, kwamba kuanzia sasa kila mteja ataisikiliza barua yake kwa hedifoni kabla haijachapishwa, na kwamba asiyependa utaratibu huo anaruhusiwa kwenda kwingine kwa amani. Kisha akaishusha spika, akamuuzia muuza nyanya.

Baadhi walikwenda kwingine. Wengine walirudi, hasa wale ambao kwa miaka yote walikuwa wakipokea barua zao wenyewe, wakizikunja na kutikisa kichwa kana kwamba wamezisoma. Mwanaisha anasema hakujua kwamba ni wengi hivyo. Sasa anachapa kati ya kurasa kumi na tano na kumi na nane kwa siku.

Nkoitiko hakujiuzulu. Alhamisi iliyopita yeye na katibu wa kamati, Abdi, walikuja na muhtasari. Abdi alisoma maandishi yake, Mwanaisha akachapa, Nkoitiko akavaa hedifoni juu ya pete za masikio na kufumba macho. Dakika ya tatu aliinua mkono.

"Rudisha hapo."

Mashine ikarudia.

"Imesema kamati ilikubali josho lifungwe miezi mitatu. Hatukukubali. Tulisema tutauliza mkutano wa kijiji."

"Mzee, hiyo ni lugha ya muhtasari tu," akasema Abdi.

"Basi lugha hiyo iseme tulichosema."

Abdi alitazama karatasi yake, akamtazama Mwanaisha, akatamka sentensi upya. Mwanaisha akaifuta ya kwanza na kuandika ya pili. Nkoitiko akaisikiliza mara mbili, karatasi ikatoka, akachora jina lake chini, polepole, akaondoka na nakala yake.

Jambo ambalo wawili hao hawakulijua ni kwamba skrini ilikuwa imezimwa tangu walipoingia. Walikaa upande wa pili wa meza, nyuma ya mfuniko wa laptop, hawakuwa na sababu ya kuitazama. Mwanaisha ameanza kufanya hivyo kila siku, saa nane hadi saa tisa mchana: anaizima na kufanya kazi kwa masikio. Mwezi ujao anataka muda huo uwe saa mbili. Ifikapo Desemba, anataka iwe siku nzima.

Daktari hakumpa tarehe ambayo macho yatazimika kabisa, kwa kuwa hana ya kutoa.

"Macho yana ratiba yao," anasema Mwanaisha, "na mimi nina yangu. Nataka yangu itangulie."