Sauti Iliyojiita Kiden

Kiden alikuwa akikatakata vitunguu jikoni mwa hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat, Juba, pale mwanamume mrefu alipoingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, simu mkononi.

"Kiden ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Binti yangu yuko wapi?"

Kiden akadhani mtu huyu amepotea njia. Lakini simu ilipoletwa mbele ya uso wake, alijiona mwenyewe akitabasamu, na chini ya picha hiyo kitambulisho chake, jina kamili, kila kitu. Ujumbe ulisema Madam Kiden anawatafutia wasichana kazi za hoteli nchi za nje, usafiri bure, waondoke leo hii.

"Athok ametoka asubuhi na begi," yule mwanamume alisema. Jina lake lilikuwa Makuach, fundi wa umeme aliyekulia Kenya. "Ameniachia ujumbe eti anaenda kwa Madam Kiden. Jirani ameitambua picha yako, akasema unapika hapa. Sasa niambie mahali umemficha, kabla sijaita watu."

Hakuhitaji kuwaita. Wahudumu walikwisha kujazana mlangoni.

"Baba, mimi si huyo," Kiden alisema. "Uso ni wangu, maneno si yangu."

"Uso ni wako na jina ni lako! Sasa nani mwingine?"

Kiden alizaliwa ukimbizini Uganda. Akarudi Juba na watoto wawili na ujuzi wa kupika, akapanga chumba mtaa wa Atlabara. Kwa miaka yote hiyo jina lake halikuwahi kutajwa mahali pabaya. Sasa akakumbuka kundi moja la WhatsApp lililotangaza kazi ya upishi. Waliomba picha yake na ya kitambulisho, naye akatuma zote mbili. Kazi haikuja, akasahau.

Rejoice, mpishi mwenzake, akamvuta kando. "Dada, pitia mlango wa mbele uende nyumbani. Wakikukamata, nani atakutoa?"

"Nikikimbia, nitakuwa nimekiri," Kiden akajibu. Akavua aproni. "Baba Athok, twende polisi. Mimi na wewe, sasa hivi."

Huko kituoni mambo nusura yamharibikie. Afisa wa zamu, Lokosang, aliitazama simu, akamtazama Kiden, akamwonyesha benchi la washukiwa. "Mama, keti. Picha haidanganyi."

Kiden hakuketi. "Afande, piga hiyo namba iliyo kwenye ujumbe. Simu yangu hii hapa mezani, na mimi niko mbele yako. Piga tu."

Lokosang akasita, kisha akapiga na kuweka sauti ya juu. Simu ikaita, ikaita. Makuach alikuwa ameshikilia ukingo wa meza.

"Halo?" Sauti ya mwanamke, laini, yenye haraka.

"Naongea na nani?" afisa akauliza.

"Ni Kiden. Wewe nani?"

Kiden alisikia jina alilopewa na bibi yake likitoka kinywani mwa mtu asiyemjua, akahisi kama amevuliwa nguo hadharani. Makuach akafungua mdomo. Kiden akamshika mkono, akatikisa kichwa.

Lokosang alikuwa mwepesi. "Madam, nina mabinti wawili wanataka kusafiri. Tumechelewa?"

"Waleteni mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto, geti la bluu. Gari linaondoka muda si mrefu."

Walifika kwa gari la polisi, injini ya basi dogo ikinguruma uani. Ndani walikuwamo wasichana watano. Athok alikuwa dirishani. Alipomwona baba yake, aliuficha uso kwa begi. Dereva alikamatwa. Mwanamke mwenyewe alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, na mpaka leo hajulikani aliko.

Kiden hakwenda nyumbani kupumzika. Aliomba kituoni hati ya taarifa yenye muhuri, akaipeleka kampuni ya simu. Ile laini iliyotumiwa na tapeli ikafungwa, naye akahakikisha hakuna nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akabadilisha nywila zake. Akawaandikia watu wote wa simu yake: mkiona Kiden anayetoa kazi, huyo si mimi, msimtumie chochote. Jumapili mchungaji akalitangaza hilo kanisani. Hata hivyo, sokoni mwanamke mmoja alimwona akasogeza binti yake upande wa pili. Jambo hilo lilimkata maini kuliko benchi la polisi.

Akampigia Makuach. "Baba Athok, ulinishutumu mbele ya watu. Watu hao bado wananitazama vibaya. Njoo useme ukweli mbele yao."

"Nitakuja, mama."

Akaja saa ya chakula cha mchana, hoteli imejaa, Athok kando yake. Akasimama kati ya meza, shati amelipiga pasi.

"Samahani kwa kuwakatiza," alisema kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. "Nilikuja hapa nikamwita huyu mama mwizi wa watoto. Nilikosea. Matapeli waliiba jina lake, na ndiye aliyenirudishia mtoto."

Athok akaenda hadi mlango wa jikoni, akapiga goti. Kiden akamwinua haraka, mikono ingali na unga.

"Umekula?" akamuuliza.

Msichana akatikisa kichwa.

"Basi keti. Na baba yako pia."