Zabibu wa Mkiwa na Pini Kumi

Ukitaka kumkasirisha Zabibu, muuza mafuta ya alizeti wa njiapanda ya Mkiwa, mwambie bolingi ni mchezo wa bahati. Ataacha madumu yake hapo hapo akueleze, na utakoma.

Mchezo wenyewe, wa kuviringisha tufe liangushe pini kumi zilizosimamishwa, aliuleta kaka yake, Luqmani, aliyekuwa kibarua kwenye ukumbi wa bolingi Nairobi. Aliporudi alikuta ghala la ushirika tupu, maana wanunuzi binafsi walikwisharuhusiwa na mazao yalipakiwa huko huko shambani. Akaomba funguo. Seremala akachonga pini kumi na tufe la mninga, sakafu ikasuguliwa kwa nta ya nyuki wa msitu wa Mgori mpaka inzi anateleza. Watu wakacheka. Zabibu hakucheka. Mwaka mzima, kila akifunga genge, alikwenda kuviringisha tufe. Zikibaki pini mbili, moja huku moja kule, anazilaza zote. Jamani, mama huyu alikuwa fundi!

Zabibu na wenzake wakaomba bolingi iingizwe kwenye michezo ya mkoa wa Singida. Luqmani alionya kuwa hata Olimpiki hawajaikubali.

"Basi waige Singida," Zabibu akamjibu.

Mwenyekiti wa kamati ya michezo ya mkoa, Mzee Antipasi, akaja kutazama, akapewa tufe apambane na Zabibu. Sasa, Zabibu kalelewa. Mtu wa umri wa baba yake, tena mgeni, amshinde mbele za watu? Thubutu! Akapindisha mkono kidogo tu. Mzee akashinda, akapigiwa vigelegele, akaondoka anacheka. Baada ya wiki mbili ikaja barua: mchezo ambao mgeni anamshinda bingwa siku ya kwanza ni bahati nasibu, hauna nafasi.

Zabibu alilia kwa hasira. Adabu yake mwenyewe ndiyo iliyomponza. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na hajawahi kusikia jina lake likitajwa uwanjani hata siku moja.

Siku ya kikao cha mwisho cha kamati, cha kupitisha orodha ya michezo ya mwaka huo, gari la Mzee Antipasi likasimama gengeni. Alikuwa anatoka Manyoni kwenda Singida mjini, na mafuta alizoea kununua hapo.

"Shikamoo, mzee," Zabibu akapiga goti.

"Marahaba, mama. Dumu moja."

"Mafuta yapo. Ila siku ile..." Akaliweka dumu chini. "Siku ile nilikuachia, mzee."

"Uliniachia?" Mzee akavua miwani. "Yaani mlinifanya mtoto?"

"Nilikuheshimu. Naomba turudi ghalani, nicheze kweli."

Mzee alinuna, lakini akashuka, na Luqmani na watu wa njiapanda wakawafuata ghalani. Akaviringisha, zikaanguka pini nne. Zabibu akashika tufe, akaviringisha. Zikalala kumi. Akarudia, kumi tena. Mara ya tatu zikabaki mbili, moja kila upande, na watu wakaguna. Zabibu akaviringisha tena, tufe likaigusa moja ubavuni, ikaruka ikaipiga mwenzake, zote chini. Hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele. Wote walikuwa wanamtazama mzee.

Mzee Antipasi akavua koti, akampa Luqmani alishike.

"Kikao ni saa nane," akasema. "Mama, nifundishe hiyo ya mbili zilizobaki. Wakiniuliza mchezo huu ukoje, nisiwaambie uongo mara ya pili."

Zabibu akajifuta machozi, akamwekea tufe mkononi. Mzee akarusha, likaenda upande.

"Aa! Si hivyo!" Zabibu akamkemea, mbele ya watu wote. "Rudia!"