Goti la Mama Mkwe na Tapeti za Pikipiki

Jamani, kuna aibu mtu anaipata peke yake akaizika, na kuna hii yangu, iliyonipata hospitalini mbele ya mama mkwe na mabenchi yamejaa watu, mpaka leo nikipita pale natazama upande wa pili.

Mimi ni fundi pikipiki, mtaa wa Mpendae, na maradhi yangu ni kuwa sipendi kununua kitu ninachoweza kukitengeneza. Nikitaka kujua pistoni imefika juu, natumbukiza njiti ya chelewa kwenye tundu la plagi na kuitazama inavyopanda. Kifaa cha kushikia skrubu ya tapeti, ile ya kurekebishia mwanya wa valvu, nimekichonga kwa kijiko cha chai (mke wangu Asha bado anakitafuta). Na fila, vile vibati vyembamba vya kuupimia mwanya huo, zangu zilishaliwa na kutu, nikawa natumia wembe, nao unaenea sawasawa kwenye valvu ya kuvutia hewa. Ya kutolea moshi ndiyo iliyonisumbua, inataka mwanya mpana zaidi, na nyembe mbili zikipandana zinateleza. Nikajaribu kopo la soda, nikajaribu kadi ya simu, kumbe kitu chenyewe kiko nyumbani juu ya kabati, ndani ya bahasha: picha ya eksirei ya goti la mama mkwe.

Bi Zuhura alikuja kwetu kutoka Makunduchi kwa matibabu ya goti hilo, na picha ilikuwa ya zamani, nami nikajiambia ya zamani haina kazi. Tena wallahi nilikuwa mwangalifu, mfupa sikuugusa, nilikata vipande viwili tu pembeni kwenye weusi, nikakwaruza 0.20, milimita za unene wake, kwa msumari, nikairudisha bahasha mahali pake. Jioni ile pikipiki ya mteja ilinyamaza kimya, haigongi hata kidogo, nikajiona fundi wa mafundi.

Hakuna aliyeniambia kuwa daktari bingwa, mgeni, anayekuja mara moja moja, atataka kuilinganisha picha ya zamani na mpya ndipo aamue kama goti likatwe kwa upasuaji au dawa zitatosha. Mama alikuwa akikuogopa huko kukatwa hata chakula hakimpiti. Siku yenyewe nikaishusha bahasha mwenyewe, nikamkodia teksi, nikakaa naye kwenye foleni.

Muuguzi akaitoa picha, akaielekeza dirishani, akaigeuza, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika na wote hii picha ni ya nani, maana haina jina wala haionyeshi kama ni goti la kulia au la kushoto. Mama akasema ni yake. Muuguzi akamwambia, kwa upole lakini, kuwa wako watu wanaokuja na picha za kuazima, na isiyo na jina daktari haitazami.

"Mwanangu, mimi mtu mzima, n'danganye ili iwe nini?" Kisha akanigeukia. "Mwambie, baba. Si wewe uliyeishusha kabatini?"

Na mimi, badala ya kusema, niliinama kufunga kamba za viatu (nilikuwa nimevaa makubadhi).

Muuguzi akaiweka picha kando, akamwita mtu mwengine. Mama akajivuta kwa mkongojo hadi mwisho wa benchi, na hapo roho iliniuma kweli. Nikasimama, nikavitoa vile vipande kwenye mfuko wa shati, ninamotembea navyo kila siku, vinanuka oili.

"Dada, jina lake hili hapa."

Benchi la nyuma likaanza kucheka. Nikaeleza habari za tapeti, na kila nikieleza zaidi nazidi kuharibu. Muuguzi akavifuta kwa spiriti, akaviunga kwa plasta. Alama ya kushoto ilikuwepo, ila jina limeliwa na valvu, imebaki ZUH. Akatupokea, lakini tukawa wa mwisho. Daktari akauliza 0.20 ni nini, nikamwambia ni mwanya wa valvu ya moshi. Akasema hata yeye kazi yake pale ni kutazama mwanya, wa goti, ila yeye hakati picha za watu. Alhamdulillahi, akaamua mama apewe dawa na mazoezi, hakuna kukatwa.

Tulipofika mlangoni kwetu ndipo mama akanitazama, hacheki wala hakasiriki.

"Ungeniomba, baba. Nnayo ya mgongo, ile haina kazi tena."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nikenda Darajani nikanunua fila za dukani, na nimeapa sitotia tena mkasi kwenye picha ya mtu maisha yangu yote. Ile ya mgongo aliniletea kweli, nikamrudishia kwa mikono miwili, ingawa kabla ya kuirudisha niliupapasa ukingo wake kidogo, na unene ni uleule.