Kopo la Udi na Video ya Kupamba

Nilikata bima ya ubunifu ili bwana wa bima aondoke. Huo ndio ukweli wake. Alikuja kwenye karakana yangu ya udi, Kibarani, kuandika bima ya moto, akaganda kitini akinihubiria kwamba mtengenezaji hafilisiwi na moto tu. Aweza kufilisiwa na barua ya mtu anayedai umemwibia muundo wake. Nikacheka. Nani ashtakiwe kwa kopo la udi? Nikatia sahihi, akaenda zake na furaha yake.

Kopo lenyewe nalipenda, sikatai. Ni dogo, la bati, na kifuniko chake kina matundu yaliyopangwa kama ua la asumini, harufu ipenye hata likiwa limefungwa. Nililichora mwenyewe. Kulisajili, sikulisajili, kila mwaka nilisema mwakani.

Kisha duka la hoteli moja ya Kikambala likaanza kuliuza, na kampuni moja kubwa ikaliona. Barua ikaja: muundo ule ni wao, wameusajili, niache kuutumia na niharibu kalibu zote ninazolifinyangia bati. Bila kalibu hakuna kopo, na bila kopo, mimi na wanawake sita ninaofanya nao kazi tungerudi nyumbani kukaa. Damu ikanichemka. Nikaandika jibu refu la matusi ya adabu, yale yanayouma zaidi. Bahati nzuri, kabla sijalituma nilimpigia simu bwana wa bima nimsomee.

"Mama, usitume hata salamu!" akapiga kelele. "Ukijibu mwenyewe, bima yaweza kukataa kulipa. Wakili wetu ndiye atakayejibu. Wewe tafuta ushahidi kwamba kopo lilikuwako kabla wao hawajasajili."

Nikapekua kila mahali. Risiti za fundi wa bati zilikuwa zimefutika wino wote. Simu yangu ya zamani, yenye picha, ilishaanguka majini. Dada yangu wa Malindi ndiye aliyekumbuka.

"Si twalipitisha udi siku ya kupamba kwangu? Na makopo yalikuwa yako!"

Ushahidi ulikuwa kwenye video ya harusi, basi. Lakini kupamba ni siku ya wanawake peke yao: mabuibui yamevuliwa, nywele zimeachiliwa, watu wanacheza bila kumwonea haya mtu. Dada akaapa kwamba mwanamume haioni video ile hata kwa amri ya jaji. Nikamweleza bwana wa bima nikitarajia abishe. Akakohoa, akasema ataomba wakili mwanamke.

Wakili akaja Malindi. Bwana wa bima tukamweka barazani na sahani ya mahamri, tukashusha pazia. Dada na wakili walikuwa wakicheka. Mimi nilikaa pembeni. Mama yetu alifariki mwaka uliofuata harusi ile, na tangu hapo sikuwahi kuthubutu kuitazama.

"Limeonekana?" bwana wa bima akauliza kutoka nje.

"Kula mahamri!" dada akamjibu.

Likaonekana. Mama alitokea leso kiunoni, chetezo mkono mmoja, kopo ameliinua kwa mkono wa pili. "Jifukizeni, lakini kopo mnirudishie! Hili kabuni mwanangu!" Tarehe ilijiandika pembeni mwa picha, ya kabla kampuni haijasajili. Wakili akaomba tuirudishe nyuma mara tatu, akiandika. Mara ya tatu alikuwa akipiga vigelegele pamoja nasi, na mimi nalia kwa furaha.

Kampuni ikaliacha dai lake. Gharama za wakili zilibebwa na bima, na bwana wa bima alipokuja kuiandika upya nilimpokea na kalamu mkononi. Fomu za kusajili lile ua la asumini kuwa alama yangu ya biashara nilikuwa nimeshazipeleka.

Wakili, aliyekuwa ameichukua video iwe ushahidi, aliirudisha ndani ya bahasha iliyogundishwa, juu yake ameandika: wanawake tu. Jioni ile dada akaiweka tena. Safari hii hakuna aliyetazama kopo.