Gari Lililoletwa Siku ya Sabato

Mokua, jirani yangu hapa Rongo, anauza mbegu na mbolea, lakini hakuna anayemjua kwa mbegu. Anajulikana kwa magari. Mtajie gari lolote lililowahi kuteremshwa Mombasa, atakueleza injini yake, ugonjwa wake na namna litakavyokufilisi. Yeye mwenyewe hana gari. Halijapatikana linalomfaa, na amelitafuta tangu binti zangu wakiwa chekechea. Sasa wana watoto wao.

Misimamo yake naijua kama nyimbo za kanisani. Gari lililotumika Japani halitaki, kwa sababu Mjapani si mjinga: gari zuri anabaki nalo, akilichoka ndipo anatuletea sisi tulibatize upya. Jipya nalo halitaki, maana viwanda siku hizi vinaunda simu halafu vinaitia magurudumu. La umeme hataki hata kulisikia. "Stima ya Rongo haimalizi kupiga shati moja pasi," husema, "sasa ndio itapandisha mtu mpaka Kisii?" Gari la mwalimu limebeba mahindi. La mchungaji limeendeshwa kwa imani, bila kubadilishwa oili. Na muuzaji akisema lilikuwa la daktari mwanamke, Mokua huangua kicheko, kwa kuwa kwa hesabu yake nchi hii ingekuwa na madaktari wanawake wengi kuliko wagonjwa. Kilomita hazisomi kabisa. Anasema ni kama umri wa mchezaji mpira, kila ukiuliza umepungua.

Sisi majirani tulimwamini. Mume wangu alimpeleka kukagua gari tulilotaka kununua, dogo, jeupe, lenye redio nzuri. Mokua alilizunguka, akainama, akanusa ekzosi, akatikisa kichwa. Tukaliacha. Lilinunuliwa na mwalimu wa Awendo, na mpaka leo hunipita barabarani nikiwa na kikapu kichwani. Kila likinipita namlaani Mokua kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Mchagua jembe si mkulima.

Jambo moja tu humnyamazisha, nalo ni Sabato. Sisi ni Waadventista, na Mokua ni shemasi. Jua la Ijumaa likishatua hagusi biashara wala hatamki neno gari mpaka jua la Jumamosi lizame. Mkewe Bonareri huniambia hiyo ndiyo siku yake ya kupumzika kweli.

Jumamosi moja mwaka huu tulikuwa tumetoka ibadani, tunakula kwao, gari la kijivu aina ya Probox likaingia uani. Aliyeshuka ni Nyamusi, mdogo wake Bonareri. Nyamusi aliolewa na Mkatoliki akahamia huko, kwa hiyo kwake Jumamosi ni siku ya kazi. Ananunua omena, wale dagaa wa ziwani, huko Sindo ufuoni na kuiuza hapa Rongo, na miaka yote amekuwa akiomba nafasi kwenye malori ya watu. Lori likikawia, omena inanyeshewa, na mzigo mzima unaishia kuwa chakula cha kuku. Alikuwa amechoka, ungemwona tu usoni. Siku hiyo alikuja na mwenye gari, Osoro, mtu wa maneno matamu.

"Shem," Nyamusi alisema, "huyu anaiuza. Kuna mtu wa Homa Bay anaitaka hii jioni, kwa hivyo mimi nataka kulipa saa hii. Unaionaje?"

Mokua alimeza tonge bila kutafuna. "Leo ni Sabato. Ngojeni jua litue."

"Mtu wa Homa Bay hatangoja," Osoro akasema.

Mokua aliinuka kwenda kunawa mikono. Bomba liko upande wa jikoni, lakini yeye alipitia nyuma ya gari, na wakati wa kurudi akapitia mbele. Kisha akachuchumaa kando ya gurudumu kufunga kamba za kiatu, na viatu vyake havina kamba. Tulimtazama tu. Aliporudi mezani uso ulikuwa umemvimba kwa maneno.

"Wapendwa," alisema, "tuwaombee wageni wetu."

Tukasimama, tukafumba macho.

"Baba wa mbinguni, wewe huangalii rangi ya nje. Unajua kilichopigwa rangi na kwa nini kilipigwa, hasa upande wa kushoto. Wewe hudanganywi na kilomita. Mpe dada yetu macho ya kutazama moshi, na masikio ya kusikia kile kinacholia gari, yaani maisha, yakikata kona. Na huyu mja wako aliyesafiri naye, mguse moyo, Bwana, aseme kama amewahi kubadilisha gasketi."

Nilifumbua jicho moja. Osoro alikuwa amefumbua yote mawili. Maombi yalipofika kwenye shokabu nilidhani tutalala pale tumesimama, lakini hatimaye tukaitikia amina. Nyamusi alipiga ishara ya msalaba, akatoa simu, akalipa.

Mokua aliketi. "Bonareri," alisema, "muulize dada yako kama amesikia ombi langu."

"Nimesikia, shem," Nyamusi akajibu mwenyewe, kwa upole. "Ile gari ya kwanza nilikuletea ulisema itakufa kabla Krismasi. Iko Sindo, inabeba samaki ya Mama Caren mpaka wa leo. Ya pili ukasema Mjapani aliitupa. Mimi nikaendelea kukalia gunia kwa lori ya watu. Hii fundi ameiangalia jana, akasema iko sawa. Lakini wewe ni shemeji yangu na nakuheshimu, singeinunua bila kukuonyesha. Ndio nikaamua nije Sabato, siku Mungu amekufunga mdomo."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimengoja miaka mtu amwambie hivyo, na alipoambiwa nikamwonea huruma. Mokua alitazama viatu vyake mpaka gari likaondoka. Hakula tena.

Jua lilipozama alichukua simu. Bonareri alinikanyaga mguu, tukijua sasa Nyamusi atakiona. Mokua aliweka sauti kubwa, kama kawaida yake.

"Ilipanda mlima vizuri?" aliuliza.

"Kama mbuzi."

"Na gia?"

"Gia ziko. Shem, Jumatatu alfajiri naenda Sindo kuchukua omena. Kuja twende, uisikilize mwenyewe njia yote."

Mokua aliisogeza simu karibu na mdomo. Mtu huyu atakueleza bandari ya Yokohama kule Japani geti kwa geti, gari gani linapakiwa wapi.

"Nitakuja," alisema. "Sijawahi kufika Sindo."