Gome Ndani ya Supu ya Baba

Kazi yangu ni kusaga magome. Kwenye maabara yetu ndogo pale Themi tunaloweka unga wa magome na mizizi, tunachuja, tunakausha, kisha tunadondoshea kile kinachobaki juu ya seli za saratani pamoja na dawa ya hospitali. Gome moja kutoka miteremko ya Meru lilikuwa limenipa jeuri. Seli zilizokuwa zinaigomea dawa, zikipewa matone yake kwanza, zilikufa kwa dozi ndogo. Mtafiti wetu hachoki kutuonya kwamba seli zilizooteshwa kwenye kisahani cha maabara si mtu. Nami nilikuwa nawahubiria wageni maneno hayo hayo, tena kwa majivuno.

Kisha baba akapata saratani ya koo la chakula.

Aliacha ng'ombe wake huko magharibi ya mlima Meru, akaja kukaa kwenye chumba changu cha kupanga Kaloleni awe karibu na hospitali. Baada ya dripu mbili za dawa uvimbe ulikuwa pale pale. Hakumeza kitu ila supu, na hata hiyo kwa shida. Niseme ukweli, nilichanganyikiwa.

Kwetu Waarusha supu ya mgonjwa kuchemshwa na mizizi si ajabu, wazee wamefanya hivyo siku zote. Kwa hiyo nikachukua gome la kazini bila kumwambia mtu. Nililipima kwenye mizani ya maabara, nikapiga hesabu kwa kilo za baba, nikachemsha. Ujinga wa msomi huo, kudhani sufuria ni kisahani kikubwa.

Baba alionja, akaniangalia.

"Hili silijui. Ni la kazini kwako?"

"Ndiyo, baba. Linaisaidia dawa."

Alikunywa yote, siku hiyo na kila siku iliyofuata.

Siku ya dripu ya tatu majibu ya damu yalionyesha ini limeumia. Daktari, kijana mdogo kuliko mimi, alimwamkia baba shikamoo, kisha akamuuliza anakunywa nini nyumbani. Nilifungua mdomo, baba akaniwahi.

"Dawa za kwetu za porini. Nachimba mwenyewe. Huyu binti yangu hajui lolote."

"Mti gani, mzee?"

"Jina limenitoka."

Mimi nilikuwa nalo, la kienyeji na la kitaalamu. Daktari akamgombeza, kwanza kwa adabu, halafu bila adabu. Baba, ambaye kijijini huketi na wazee kuamua kesi za watu, aliinamisha kichwa akaomba samahani. Niliona aibu, na bado jina la mti sikulitaja.

Dripu iliahirishwa mpaka ini litulie. Uvimbe haukuahirisha kitu. Wiki ya pili hata maji yalikuwa hayapiti, na baba, kwa sauti kidogo aliyobakiwa nayo, akanisihi nisimwambie daktari gome lilitoka wapi, nisije nikafukuzwa kazi.